WALIMTOA KIPA, MABAO YAKAENDELEA

Masomo: Luka 22:31-34 na 54-62, Yohana 21:15-17, Luka 9:37-42

 

Leo tutajifunza kwa mlinda lango, yaani kipa. Mama asiyependa mpira asikunje karatasi bado; neno hili linamhusu kuliko anavyofikiri.

Kazi ya kipa haifanani na kazi ya wengine uwanjani. Mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara moja, watu wanambeba mabegani. Kipa akiokoa mara tano na kufungwa mara moja, watu wanarudi nyumbani wakizungumza juu ya ile moja. Wako watu wengi katika jamaa zetu na katika makanisa yetu wanaoishi maisha ya kipa. Mema yao hayahesabiwi. Siku mambo yakiharibika, majina yao ndiyo ya kwanza kutajwa.

Wazee wetu wanamkumbuka Kazadi Mwamba, kipa wa Tout Puissant Englebert ya Lubumbashi, timu ambayo leo tunaiita Mazembe. Englebert ilichukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967, ikalichukua tena mwaka 1968. Mwaka huohuo wa 1968, kule Addis Ababa, timu ya taifa letu iliishinda Ghana bao 1-0 na kuwa bingwa wa Afrika. Langoni alikuwa Kazadi. Miaka sita baadaye, Machi 1974 huko Misri, nchi yetu, wakati huo ikiitwa Zaire, ilicheza fainali na Zambia. Wakatoka 2-2, wakarudiana, Zaire ikashinda 2-0. Langoni alikuwa Kazadi. Katika mashindano hayo Mulamba Ndaye alifunga mabao 9 peke yake.

Basi, miezi mitatu tu baada ya furaha hiyo, timu ileile ikaenda Kombe la Dunia kule Ujerumani, ikiwa timu ya kwanza kufika huko kutoka Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Tarehe 14 Juni ilifungwa na Scotland 2-0. Hapo hapakuwa na aibu. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, ikakutana na Yugoslavia. Kabla ya dakika ya 20, Kazadi alikuwa amefungwa mabao matatu.

Kocha akamtoa. Kocha huyo, Blagoje Vidinić, alikuwa mtu wa Yugoslavia, na yeye mwenyewe alikuwa kipa katika ujana wake. Juu ya sababu ya kumtoa, watu wamesimulia mengi, na hatutaingia humo. Tuangalie kilichofuata. Akaingia kipa mwingine, Tubilandu. Mara moja likaingia bao la nne. Wachezaji wakamzunguka refa kwa kulalamika, na katika vurugu ile mmoja akampiga refa teke. Refa akageuka, akamfukuza Mulamba Ndaye. Lakini Mulamba hakupiga mtu. Miaka mingi baadaye Mwepu Ilunga alisema wazi kwamba aliyepiga teke ni yeye.

Mnaona siku ile ilivyokuwa? Kipa ametolewa. Asiye na kosa amefukuzwa. Je, mlango ulifungika? Hapana. Mechi iliisha mabao 9-0. Matatu yaliingia Kazadi akiwa langoni, na sita yaliingia Kazadi akiwa ameketi pembeni.

Shida ilikuwa wapi, basi? Mwepu na wenzake walisimulia baadaye kwamba waliahidiwa pesa wasizopewa, na kwamba nusura wakatae kuingia uwanjani siku ile. Watu kumi na mmoja waliingia na mioyo iliyovunjika. Ile haikuwa shida ya mikono ya mtu mmoja. Lakini kubadilisha kipa ni kazi ya dakika moja, na kutengeneza timu ni kazi ndefu. Mwanadamu hupenda kazi ya dakika moja.

Wapendwa, hata sisi tunafanya hivyo. Biashara ya baba imeanguka. Mama amepoteza mimba. Mtoto mdogo ameugua, na hakuna franga za hospitali. Vita vimetutoa shambani, tumekuja kuishi watu kumi katika chumba kimoja cha mbao juu ya mawe ya volkano. Mabao yanaingia moja baada ya jingine. Halafu mtu mmoja nyumbani anauliza, ni nani anatufungulia mlango? Macho yote yanageukia upande mmoja, na mara nyingi yanamwangukia mdogo kuliko wote, yule yatima aliyeletwa na shangazi, yule anayekojoa kitandani, yule anayeota ndoto na kupiga kelele usiku. Wanasema, "Ni huyu. Huyu ni mchawi." Anafungiwa, ananyimwa chakula siku tatu, anapigwa ili akiri. Mwishowe anafukuzwa, na kesho mnamkuta sokoni, amelala chini ya meza za wauza samaki.

Nauliza kanisa la Mungu: mtoto akishatoka, mabao yanakoma? Biashara inasimama? Vita vinaisha? Nyumba iliyomfukuza mtoto inabaki na shida zake zote, na juu yake inaongeza dhambi.

Mtu ataniambia, "Mtumishi, kwani wewe huamini kwamba shetani yupo?" Naamini. Sisi Wapentekoste hatuna haja ya kufundishwa kwamba roho chafu zipo. Lakini fungua Luka 9. Baba mmoja alimleta kwa Yesu mwanawe wa pekee, na yule kijana alikuwa na pepo kweli, si kwa kusingiziwa. Yesu alifanya nini? Alimkemea pepo, akamponya mtoto, akamrudisha kwa baba yake. Soma mwenyewe mstari wa 42. Alimrudisha kwa baba yake! Hakumfukuza nyumbani na hakumwambia asipewe chakula. Na wanafunzi walipouliza kwa nini wao walishindwa, Marko 9 inatuonyesha kwamba Bwana aliwaelekeza wao kwenye maombi. Mzigo aliuweka juu ya wanafunzi, hakuuweka juu ya mtoto. Basi kama kuna kufunga, afunge mchungaji, afunge baba, na mtoto ale ugali wake, alale kitandani kwake.

Tena, serikali yetu imeliandika jambo hili. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumsingizia uchawi. Sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 inaweka adhabu ya kifungo kwa anayemsingizia. Itakuwa aibu kubwa kama sheria ya nchi itawahurumia watoto kuliko kanisa.

Sasa tumtazame Petro. Usiku ule walipomkamata Bwana, Petro naye alikuwa kama kipa aliyeachwa peke yake. Kijakazi akamwuliza, akakana. Mtu wa pili akamwuliza, akakana. Wa tatu akamwuliza, akakana, na jogoo akawika. Mabao matatu kabla ya mapambazuko! Kama angekuwa mikononi mwetu, tungemtoa, tungempa mwingine zile funguo, na kila Jumapili tungewakumbusha watu usiku ule.

Lakini angalieni Luka 22, mistari ya 31 na 32. Kabla Petro hajaanguka, Bwana alikwisha kumwombea ili imani yake isiishe. Akamwambia pia kwamba atakapogeuka na kurudi, awatie nguvu ndugu zake. Yesu alijua mabao yale yatakuja, na bado alimhesabu Petro kuwa mchezaji wake. Baada ya kufufuka, kando ya ziwa, karibu na moto wa makaa, alimwuliza mara tatu kama anampenda. Mara tatu kwa sababu alianguka mara tatu. Na kila mara akampa kazi: achunge kundi. Hakuficha kosa, alilitaja moja kwa moja, lakini alilitaja ili amrudishe mtu mahali pake.

Ndivyo hata kocha wa mpira anavyoweza kufanya. Vijana mnamjua Robert Kidiaba, yule aliyefurahia mabao kwa kuketi chini na kurukaruka kwa makalio mpaka ulimwengu wote ukacheka. Tarehe 18 Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya dunia ya vilabu. Inter ya Milan ikamfunga Kidiaba bao katika dakika ya 13, na la pili dakika ya 17. Mabao mawili mapema namna ile, mbele ya dunia nzima! Kocha Lamine N'Diaye hakumtoa. Kidiaba akabaki langoni, na kwa zaidi ya saa moja hakuna bao jingine lililoingia, mpaka la tatu dakika ya 85. Walishindwa 3-0, ndiyo. Lakini yule kipa hakuishia pale. Mwezi wa Februari 2015, akiwa ametimiza miaka 39, ndiye aliyesimama langoni Kongo ilipochukua nafasi ya tatu ya Afrika kwa penalti mbele ya Guinea ya Ikweta, mjini Malabo.

Na Waingereza wanatufundisha jambo jingine juu ya kumbukumbu. Kipa wao Gordon Banks, tarehe 7 Juni 1970 kule Mexico, aliuzuia mpira wa kichwa wa Pelé ambao kila mtu alidhani umekwisha kuwa bao. Siku ile Uingereza ilifungwa na Brazil 1-0. Imepita zaidi ya miaka hamsini, na watu bado wanasimulia mpira aliouzuia. Wachache wanataja ule uliopita. Kwa Kazadi tulifanya kinyume. Bingwa wa Afrika mara mbili, na tunamtaja kwa dakika 20 za Gelsenkirchen. Hata hatusemi kwamba siku nne baadaye, mbele ya Brazil, alirudi kusimama langoni. Mtu aliyeaibishwa mbele ya dunia akakubali kusimama tena palepale! Huo nao ni ujasiri, na hatukuuhesabu.

Ndugu yangu, dada yangu, wewe unamkumbuka mwenzako kwa lipi? Yule dada wa kwaya aliyezaa nje ya ndoa, unakumbuka miaka kumi aliyoimba na kufagia kanisa, ama unakumbuka mwezi ule mmoja tu? Yule shemasi aliyerudia pombe na sasa ametubu, mmempa kiti mbele ama mmempa kona ya nyuma? Sisemi dhambi isikemewe. Yesu alimwuliza Petro mara tatu, na Petro alihuzunika. Nasema kemea ukiwa na nia ya kumrudisha.

Na wewe mwenyewe uliyefungwa mabao, unayesoma karatasi hii na moyo wako unakuambia umekwisha, sikiliza. Yule aliyemwombea Petro anakuombea hata sasa. Hajakutoa uwanjani. Inuka, uchukue mpira wavuni, urudi mahali pako.

Mwisho, nikumbushe jambo la Mulamba. Alifukuzwa kwa kosa la mwingine, naye hakutaka. Alilia kwa kuonewa. Lakini yuko mmoja aliyetolewa nje ya mji kwa makosa ya wengine, na alikwenda kwa kupenda kwake. Waebrania 13 inasema habari zake, jinsi alivyoteswa nje ya lango. Yesu amekwisha kuwa yule mmoja aliyefukuzwa kwa ajili ya wote. Kama damu yake ilitosha, kwa nini nyumba yako inatafuta mwingine wa kufukuza?

Basi juma hili tufanye mambo matatu. Kwanza, kama kuna mtoto aliyefukuzwa katika jamaa yako, nenda ukamtafute. Usitume mtu, nenda wewe, umrudishe, umwoshe, umpe chakula. Pili, kama mtu anayejiita nabii amemtaja mtoto kwa jina kwamba ni mchawi, usimpe mtoto huyo. Mlete kwa wazee wa kanisa, na walimu wa ekodim wamjue, wamlinde. Tatu, mtaje mbele ya watu mtu mmoja aliyeanguka, na useme jema moja alilolifanya.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe mlinzi usiyesinzia, tusamehe kwa kila mdogo tuliyemtoa nje ili sisi tupate kupumzika. Warudishe watoto wetu nyumbani. Wainue walioanguka, uwape tena kazi mkononi mwako. Ulinde mji wetu wa Goma, na milango ya nyumba zetu. Kwa jina lako tumeomba. Amina.