Bustani za Kiangazi na Maji ya Mlima Uluguru
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Siku ya sherehe yataka maneno ya furaha, nasi tunayo. Lakini mkulima afurahiaye mavuno hakosi kulitazama jembe lake kama lingali zima. Kwa hiyo tumeona vema tuseme habari za bustani za mboga za kiangazi, kwa kuwa ndizo zitupatiazo ada ya shule na mafuta ya taa wakati mahindi yamekwisha vunwa na vuli ingali mbali.

Masika huisha mwezi wa Mei. Tangu Juni hata Septemba mvua ni haba, hasa upande wa Mgeta, na baridi huifaa kabichi, karoti na njegere. Kazi yenyewe mwaijua: miche ya kabichi hukaa kitaluni kadiri ya majuma manne, kisha huhamishiwa kwenye tuta lililotiwa samadi iliyooza vema; udongo hufunikwa matandazo ili usikauke; maji hutiwa asubuhi au jioni, wala si jua likiwa kali. Hayo yote mkulima aweza kuyafanya peke yake. Maji tu ndiyo asiyoweza kuwa nayo peke yake.

Wazee wetu waliachiwa fundisho katika jambo hili. Tangu mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya, lakini amri ilikuja bila shauri. Upande wa mashariki matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba, na jasho la watu likapotea bure. Mwaka 1955 hasira ikalipuka Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukavunjika. Walakini huko Mgeta matuta ya ngazi yangali yakilimwa mboga hata leo. Kwa nini? Kwa sababu huko mkulima aliona faida yake kwa macho yake. Jambo jema likija kwa kiboko hufa siku kiboko kinapoondoka. Likija kwa mapatano huishi.

Basi, Wanachama, tuyatazame maji kwa fundisho hilo. Msitu wa kileleni huyapokea mawingu na mvua, ukayaachia maji kidogo kidogo. Mto Mgeta na vijito vya mashariki huingia Ruvu, na Ruvu huwanywesha watu wa Dar es Salaam; Mto Morogoro nao hushuka kuingia Ngerengere. Ifikapo Septemba vijito hupungua. Aliye juu akiacha mpira wake wazi usiku kucha, wa chini huamka akakuta mfereji mkavu na miche imelala. Ndugu wamegombana kwa ajili hiyo, nasi tumekaa katika mabaraza ya kuwapatanisha.

Tena iko Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ikatazayo ndani ya mita 60 za kingo za mto shughuli za kudumu, au zile ziwezazo kudhuru hifadhi. Hatutaificha habari hii kwa kuwa ni sherehe. Mabonde yetu ni membamba. Mita 60 kila upande zaweza kulimeza shamba zima la mwanachama. Sheria yalinda mto utulishao, na mwanachama naye ana watoto wa kulisha. Lazima yote mawili yasemwe.

Nasi Halmashauri twakiri: katika miaka hii kumi tumehesabu magunia, maji hatukuyahesabu. Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, kila chama cha msingi kiweke zamu za maji kabla ya Juni, wa juu na wa chini wakiketi pamoja, na zamu ziandikwe. Pili, kingo za vijito zirudishiwe miti ya asili na kingo za matuta zipandwe mabingobingo. Na mwanachama atakayesogea mbali na mto asaidiwe na Chama kupata mpira na samadi, asiachwe abebe mzigo wa wote peke yake. Tatu, tupande kwa mafungu, majuma mawili baina ya fungu na fungu, ili kabichi zetu zisifike sokoni siku moja zikauzwa kwa bei ya kutupa, wala maji yasitakiwe na wote saa moja.

Wanachama wenzetu, matuta ya mwaka 1955 yalishindwa kwa sababu mkulima hakuulizwa. Leo hakuna wa kutuamuru ila sisi wenyewe, na tukishindwa hatutakuwa na wa kumlaumu. Maadhimisho ya miaka ishirini yatukute na vijito vingali vikitiririka mwezi wa Septemba.