Uvimbe wa Mishipa ya Damu katika Pua ya Mwanamke Mjamzito



Uvimbe nitakaounena leo ni mdogo, aghalabu hauzidi ukubwa wa zabibu, wala si saratani. Lakini kwa kuwa humpata mwanamke wakati ambao damu yake ina wadai wawili, yafaa tuutazame kwa makini kuliko ilivyo ada yetu.

Mama mwenye mimba iliyokwisha pita miezi ya mwanzo huja akishtakia kwamba tundu moja la pua limeziba, na kwamba hutokwa na muhina, yaani damu ya puani, kila apengapo kamasi, pengine hata bila ya kujigusa. Naye mganga, akikumbuka kuwa pua za wajawazito huvimba kwa kawaida, humtuliza kwa maneno mema akamrudisha nyumbani. Hapo ndipo nisipokubaliana na wenzangu. Uvimbe wa kawaida wa ujauzito huziba pua pande zote mbili, na huu aghalabu huelemea upande mmoja. Basi alama hiyo peke yake yatosha kumfanya mganga achukue taa na kuchungulia.

Atakachokiona ni kinyama chekundu, laini, chenye kung'aa, mara nyingine kimechubuka juu, kilichoshika kwenye sehemu ya mbele ya ukuta ugawao pua, ambako vishipa vingi hukutana, au kwenye ncha ya nyama ya ubavuni mwa pua. Waganga Poncet na Dor, walioueleza uvimbe wa namna hii huko Ufaransa mwaka 1897, walidhani ni maradhi ya farasi yaliyomhamia binadamu. Wengine baadaye wakasingizia usaha. Hata mwaka 1980 watafiti Mills, Cooper na Fechner wakabainisha kwamba si vijidudu wala usaha, bali ni vishipa vyembamba vya damu vilivyojikusanya mafungu mafungu.

Asili yake haijafafanuliwa yote, ila taathira ya homoni za ujauzito, yaani estrojeni na projesteroni, ni dhahiri, kwa sababu baada ya kujifungua, homoni hizo zishukapo, uvimbe mara nyingi hunywea wenyewe. Na huenda jeraha dogo, kama la kuchokoa pua, likauchochea. Nduguye uvimbe huu humea kwenye ufizi, na huyo wakunga wanamjua zaidi.

Mimi nauogopa muhina kuliko uvimbe wenyewe. Mjamzito ambaye himoglobini yake iko chini ya gramu 11 kwa desilita kwa kawaida huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu, na wangapi katika kliniki zetu za pwani, kwa malaria, safura na uhaba wa madini ya chuma, wamekwisha fika hapo kabla pua haijatoa hata tone? Kwa hiyo apimwe damu, apewe vidonge vya chuma, na shinikizo la damu lipimwe vilevile, maana muhina wa mjamzito usihukumiwe kwa pua peke yake.

Damu itokapo, mama akae wima, ainamie mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila ya kuachia kila mara kutazama kama imekoma. Ile desturi ya kumwinamisha kichwa nyuma, ambayo hata watu wa elimu hawajaiacha, humfanya aimeze damu kisha atapike, na kiasi kilichopotea kisijulikane.

Ikikoma, na uvimbe ukawa mdogo, sioni haja ya kisu. Tungoje kuzaliwa kwa mtoto. Ikirudi mara kwa mara, au pua ikizibwa kabisa, uvimbe utakatwa kwa ganzi ya mahali pale, pamoja na shina lake na utando ulioushika, kisha pachomwe ili damu isimame. Mwenye kuukwanyua juu juu huuachia mzizi wa kurudia. Kazi hii ni ya mtaalamu wa pua aliye na vifaa, si ya zahanati yenye mkasi tu, kwani uvimbe huu hutoa damu nyingi ukiguswa ovyo. Na kilichokatwa kipelekwe maabara, kwa kuwa zipo saratani za pua zinazojivika sura hiyohiyo.

Wale waliongojewa waitwe tena wiki chache baada ya kujifungua, wachunguliwe kwa taa ileile; na ambaye uvimbe wake haujanywea, huyo sasa aondolewe uvimbe huo.