Motokaa Iliyosimama Bado Si Salama
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)

Tumeombwa na halmashauri ya tawi tuseme habari ya usalama wa mafundi mahali pa mashindano ya motokaa. Wengine watauliza, sisi watu wa reli na mashindano ya motokaa ni wapi na wapi? Jibu ni fupi. Safari inapokaribia, baadhi ya mafundi wetu wa karakana huitwa na wenye magereji wakawasaidie siku tatu nne, kwa maana wajua kulehemu, wajua spana, tena hawaogopi kukesha. Huenda katika siku zao za likizo. Hatuwalaumu hata kidogo, karo za shule hazingoji. Lakini yafaa mtu aende akijua anakokwenda.

Safari hii ilianza mwaka 1953, na katika miaka ile mafundi walitengeneza motokaa kando ya njia, popote zilipoharibika. Tangu 2021 imerudi katika mashindano ya ulimwengu mzima, na kambi ya mafundi ikawekwa Naivasha. Huko motokaa hupewa dakika za kuhesabiwa za kutengenezwa. Jioni zimekuwa dakika 45. Motokaa ikichelewa kutoka, hutozwa sekunde 10 kwa kila dakika moja iliyochelewa. Ishikeni hesabu hiyo, tutairudia.

Neno letu kubwa ni hili. Katika mashindano, watu wote huiogopa motokaa inapokimbia, nayo fundi huumia inaposimama. Huumia kwa sababu yeye yuko chini yake, au nyuma yake, au ameshika gurudumu lake, na mtu mwingine anadhani kazi imekwisha.

Sisi wa reli twalijua jambo hili. Behewa likitengenezwa, bendera nyekundu huwekwa, na usiku taa nyekundu, na aliyeiweka ndiye atakayeiondoa. Hata mkubwa wa karakana hana ruhusa ya kuiondoa kwa mkono wake. Katika kituo kimoja ambacho hatutakitaja, kijana mmoja aliiondoa bendera kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha. Na kweli ilikuwa imekwisha upande wake. Upande wa pili mwenzetu alikuwa bado ameshika bomba la breki. Injini ikagusa mabehewa kidogo tu, hayakwenda hata hatua moja, na mwenzetu akapoteza vidole viwili. Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na hakuuliza.

Sasa tazameni wenzetu wenye fedha na vyombo vya kila namna. Katika mashindano ya Formula One, motokaa husimama mahali ambapo wenyewe hupaita piti. Sisi tukisikia piti twafikiri shimo la chini ya injini, lakini huko si shimo, ni njia nyembamba mbele ya magereji. Watu karibu ishirini huizunguka motokaa moja na kubadili magurudumu manne kwa sekunde mbili tatu. Zamani alisimama mbele mtu mwenye kibao mkononi, na dereva haondoki mpaka kibao kiinuliwe. Baadaye timu nyingi zikaweka taa za umeme. Basi, huko Bahrain mwaka 2018, taa ya kijani iliwaka kwa dereva Kimi Räikkönen na hali gurudumu moja la nyuma lilikuwa halijabadilishwa. Dereva akaondoka kama alivyoamriwa. Fundi aliyekuwa amesimama mbele ya gurudumu lile alivunjika mguu. Timu yake, Ferrari, ikatozwa faini ya euro 50,000. Twauliza, kama taa ya watu hao yaweza kusema uongo, mdomo wa mtu aliyekesha usiku kucha je?

Na si fundi wa motokaa ile tu aliye hatarini. Nürburgring, Ujerumani, mwaka 2013, gurudumu la Mark Webber halikukazwa sawasawa, nalo likachomoka na kumpiga mpiga picha aliyekuwa mbali akitazama upande mwingine. Alivunjika mbavu na mtulinga. Imola, Italia, mwaka 1994, gurudumu la motokaa iliyokuwa ikitoka piti lilichomoka likaumiza mafundi wa timu nyingine kabisa. Siku zile hapakuwa na mwendo uliowekwa katika njia ile, kila dereva alipita apendavyo. Baada ya hapo ndipo mwendo ulipopunguzwa kwa sheria. Ndugu zangu, mara nyingi sheria ya usalama huandikwa baada ya mtu kulala hospitali.

Lakini habari tuliyotaka hasa kuwaletea ni ya Zolder, nchi ya Ubelgiji, mwezi wa Mei 1981, kwa kuwa hiyo ni habari ya wafanya kazi.

Piti za Zolder zilikuwa nyembamba, na watu walijaa tele. Siku ya Ijumaa, wakati wa majaribio, fundi mmoja kijana wa timu ya Osella, jina lake Giovanni Amadeo, aliteleza akaangukia njiani mbele ya motokaa ya Carlos Reutemann. Dereva hakuwa na nafasi ya kumwepuka. Amadeo alifariki siku chache baadaye. Jumapili, motokaa zilipokwisha kupangwa tayari kuanza, mafundi wa timu mbalimbali walitembea wakasimama mbele yake. Hawakupiga mtu, hawakuvunja kitu. Walisimama tu, ili wenye mashindano waone ya kwamba hali ya piti haivumiliki. Madereva wengine wakatoka motokaani wakaenda kusimama pamoja nao. Fikirini jambo hilo, ninyi mnaosema ya kwamba dereva na fundi hawawezi kuwa na neno moja.

Kisha wakaondoka, na mambo yakaendeshwa kwa vurugu. Saa ilikuwa imepita, injini zilikuwa zimepata moto kupita kiasi. Motokaa ya Riccardo Patrese ikazimika mahali pake pa kuanzia. Fundi wake, Dave Luckett, akaruka ukuta akaenda nyuma ya motokaa kuiwasha. Taa zikawashwa, mashindano yakaanza, naye yuko pale pale katikati ya njia. Dereva wa pili wa timu yao wenyewe, asiyemwona, akaja akamgonga kwa nyuma. Miguu yake iliumia vibaya, lakini Mungu alimnusuru, hakufa. Mashindano yalisimamishwa, yakaanzishwa tena, na aliyeshinda alikuwa Reutemann. Nasi hatumlaumu yeye.

Wako waliosema ya kwamba kusimama kwa mafundi ndiko kulikoleta ajali. Sisi hatukubali. Kilicholeta ajali ni kwamba wenye mamlaka walitaka kufidia dakika zilizopotea, wakawasha taa bila kuhakikisha njia iko tupu. Siku hizi kanuni za Formula One hutaka kila fundi awe ameondoka mahali pa kuanzia ishara ya sekunde 15 itakapotolewa. Ndilo lile lile waliloliomba mafundi, kwamba kuwe na mpaka unaojulikana kati ya saa ya fundi na saa ya dereva.

Sasa habari ya moto. Juma moja tu baada ya Zolder, huko Indianapolis, Marekani, motokaa ya Rick Mears ilishika moto ikitiwa mafuta. Mafuta yenyewe yalikuwa methanoli, ambayo moto wake hauonekani mchana. Watu waliona mtu anajipigapiga na kukimbia, wasijue anaungua. Yeye na baadhi ya mafundi wakaumia. Petroli yetu moto wake waonekana, lakini ina hila yake. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, huenda chini chini kama maji, ukaingia shimoni au chini ya turubai, ukangoja cheche. Kwa hiyo usilehemu hapa huku mwenzako akifungua tangi hapo. Mwaka 1994 huko Hockenheim, petroli iliruka kutoka kwenye mpira wa kujazia ikamwagikia motokaa yenye joto, na kufumba na kufumbua mafundi na dereva wakawa ndani ya moto. Walipona kwa sababu walivaa nguo za kuzuia moto na wenye mitungi walikuwa wamesimama tayari. Tangu 2010 mashindano yale yalikataza kabisa kutia petroli katikati ya mbio. Sisi nguo hizo hatunazo. Basi vaeni ovaroli ya pamba, si ile ya nailoni inayoyeyuka na kugandamana na ngozi. Na kila mtu ajue mtungi wa kuzimia moto uko wapi kabla hajafungua kisanduku cha spana. Maji msiyategemee kwa moto wa petroli, huusambaza.

Juu ya jeki tutasema kwa mapana, maana hiyo ndiyo hatari ya kwetu. Karakana ina sakafu ya saruji. Naivasha ina vumbi laini kama unga. Jeki ikisimamishwa juu ya vumbi huonekana imara, kisha huzama upande mmoja pole pole, na motokaa hulala juu ya mtu. Wekeni ubao mnene au bamba la chuma chini yake. Wekeni kabari pande zote mbili za magurudumu yaliyobaki chini. Jeki ni ya kuinulia tu, haikuumbwa kushikilia. Ikisha inua, miguu ya chuma iwekwe, ndipo mtu aingie. Tumewaona mafundi wa miaka mingi wakiingia chini ya motokaa inayoshikwa na jeki peke yake, mguu mmoja nje kana kwamba huo mguu utawavuta. Na motokaa itokayo mbioni ina breki nyekundu kwa joto, bomba la moshi la kuchoma nyama, na rejeta inayongoja mjinga afungue kifuniko.

Umeme nao umeingia. Mwaka 2008, huko Jerez, Hispania, fundi wa BMW aliigusa motokaa ya majaribio iliyorudi piti, umeme ukamtupa chini. Motokaa kubwa za Safari za 2022 hadi 2024 zilikuwa na betri ya namna hiyo, nazo zilikuwa na taa ya kuonyesha, kijani ni salama, nyekundu usiguse. Kama motokaa ina betri ya nguvu nawe hukufundishwa, kaa mbali, wala usione haya.

Sasa turudi kwenye hesabu yetu. Dakika moja ya kuchelewa ni sekunde 10. Mguu wa Luckett ulikuwa sekunde ngapi? Bwana mwenye motokaa akikupigia kelele uingie chini kabla kabari hazijawekwa, umwambie hesabu hiyo, kwa adabu, kisha uweke kabari.

Wala hatusemi hivi kwa ubishi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema ya kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu aijulishe, na mwajiri asimrudishe mahali pale hatari ingali ipo. Sheria nyingine ya mwaka ule ule, ile ya fidia ya majeraha kazini, yamtaka mwajiri awe na bima na apeleke habari ya ajali serikalini katika siku 7. Lakini mwajiri ni nani? Hapo ndipo wenzetu wengi hukwama. Timu husema fundi ni wa gereji, gereji husema alikuwa mgeni wa timu, na fundi hulala nyumbani na mguu wake. Kwa hiyo, kabla hujapanda matatu kwenda Naivasha, pata karatasi yenye jina la anayekuajiri, siku, na ujira. Hata ukurasa wa daftari wenye sahihi yake si haba. Nakala mpe Katibu wetu. Na ukifika uulize mbele ya watu wote, nani peke yake atasema motokaa iondoke? Wakitajwa wawili, usianze kazi mpaka abaki mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, muda wetu umekwisha. Kabari mbili na ubao wa mfano tumeleta, viko pale mlangoni. Wale waliokwisha kuitwa na magereji wabaki kidogo baada ya mkutano, tuviweke chini ya motokaa ya Mweka Hazina, ambaye ametoa ruhusa, na kila mmoja aandikishe jina la mwajiri wake kwa Katibu kabla ya kwenda nyumbani.