Gari Linapomisi Mlimani
(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu. Mimi ni fundi wa magari, na gareji yangu iko Katonga, hatua chache kutoka mwaloni. Wenzangu wameeleza mafanikio yao. Mimi, kwa ruhusa yenu, nitaeleza kosa langu, maana ndilo lililonifundisha zaidi.

Kijana mmoja, mwenye kipe cha kuvulia dagaa, aliniletea gari lake la tabo akitaka nguvu zaidi. Nilitia injini nyingine kwa mikono yangu, nikapandisha shinikizo la tabo hadi baa 1.2. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Lakini likipanda kwenda Mwanga, mshale ukipita mizunguko 5,000 kwa dakika, lilianza kumisi: linakohoa, linakatakata, nguvu zinakwisha.

Nikatazama kipimo kinachosoma oksijeni katika bomba la moshi. Kilionyesha kuwa petroli ni haba. Nikamwambia anunue pampu kubwa, naye akainunua kwa fedha aliyoiweka kwa ajili ya wavu mpya. Nikaongeza petroli. Gari likazidi kumisi, na plagi zikatoka nyeusi, zimelowa.

Vijana, huo ndio mtego. Cheche isiporuka, petroli na hewa hutoka silindani bila kuungua. Oksijeni yote huingia katika bomba la moshi, na kipimo huiona oksijeni lakini hakiioni petroli mbichi iliyofuatana nayo. Kwa hiyo husema petroli ni kidogo. Kipimo hakikunidanganya, mimi ndiye niliyeona dalili nikaiita chanzo. Tena petroli ile mbichi ikiwakia bombani huweza kuunguza tabo yenyewe.

Siku moja alipita mzee mmoja fundi wa mashine za boti. Akaniuliza, "Mwanangu, linamisi likiwa na mzigo tu, au hata likiwa tupu?" Kwake hilo ndilo swali la kwanza, kwa kuwa mashine huweza kuimba boti ikiwa tupu na kukohoa ikijaa. Mimi sikuwa nimejiuliza.

Tukakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, bila gia. Likapita 6,000 bila kukohoa. Tukashusha shinikizo la tabo, tukapanda mlima uleule. Halikumisi. Basi kasi peke yake haikuwa na kosa. Kosa lilijitokeza pale kasi ilipokutana na mzigo.

Sababu yake ni hii. Cheche huruka mwanya mdogo katika ncha ya plagi. Tabo inapoishindilia hewa silindani, hewa hiyo huwa nzito, na umeme huhitaji volti nyingi zaidi kuupita mwanya uleule. Nilipima nikakuta milimita 1.1. Nikaupunguza hadi 0.7. Gari likapata nafuu, ila karibu na 6,000 bado lilikohoa kidogo.

Hapo hesabu za darasani zikanisaidia. Injini ya namna hii ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hupata cheche mara 3,000, yaani 50 kwa sekunde. Tangu cheche moja hadi nyingine ni sekunde 0.02 tu, na katika muda huo koili lazima ijae umeme. Volti zikipungua, koili hujaa polepole, na cheche hutoka dhaifu.

Tukavuta nyaya ndefu za mita hadi ndani ya gari. Alfajiri, barabara ikiwa tupu, tukapanda kwa gia ya pili. Mwanafunzi wangu alisoma mita, mimi nikatazama njia. Betri ilikuwa na volti 14, lakini koili zilipata 12 tu. Kisha tukapima kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini. Mita ilipaswa kusoma karibu na sifuri. Ilisoma 1.6.

Nilifungua waya wa hasi. Chini yake palikuwa na rangi. Ni mimi niliyeufunga pale bila kuikwangua. Wiki tatu nilikagua kazi ya kila mtu isipokuwa yangu. Nikakwangua hadi chuma kikang'aa, nikaufunga tena, nikarudisha kipimo cha petroli kama kilivyokuwa. Gari likapanda Mwanga bila kukohoa hata mara moja.

Nilimwita mwenyewe, nikamwonyesha rangi ile, nikamrudishia fedha ya pampu. Alinyamaza kitambo. Giza zima la mwezi lilikuwa limempita akivua kwa wavu uliochanika, na hilo sikuweza kumlipa.

Vijana, yashikeni matatu. Ulizeni kosa linatokea lini, kabla ya kuuliza ni kifaa gani. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha mjaribu. Na kabla ya kumtuma mtu dukani kwa fedha yake, anzeni kukagua mlichokifunga wenyewe.