Ningu, Fwani na Milango ya Mito: Samaki Wahamaji wa Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria

Mjadala kuhusu kupotea kwa samaki wa asili wa Ziwa Victoria umezoea kuanza na kuishia kwa mbuta, ambaye Tanzania huitwa sangara. Samaki huyo alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akaongezwa upande wa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alipoongezeka ghafla katika Ghuba ya Winam miaka ishirini hivi baadaye, aina nyingi za fulu, yaani visamaki vya jamii moja na sato, zilitoweka. Maelezo hayo ni ya kweli kwa maji ya wazi ya ziwa. Kwa samaki wanaotegemea mito hayatoshi, na kwa mmoja wao, ningu, hayaafikiani hata na tarehe, kwa kuwa uvuvi wa ningu ulikuwa umekwisha kuporomoka kabla mbuta hajawa tishio. Mada hii inashikilia kwamba samaki huyo alipotezwa kwenye mlango wa mto, na kwamba hapo ndipo ulinzi ungali dhaifu hadi leo.

Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo la ziwa, lakini mito kadhaa mikubwa inayolilisha hupitia kwake: Sio, Nzoia na Yala upande wa kaskazini, Nyando na Sondu-Miriu ndani ya Ghuba ya Winam, na Kuja kusini. Bioanuwai ya samaki, yaani wingi wa aina zao pamoja na tofauti za maumbile, chakula na mienendo yao, haiwezi kueleweka hapa bila mito hiyo, maana samaki kadhaa hukulia ziwani na kuzaa mtoni. Yumo ningu, yumo fwani mwenye magamba makubwa, wamo sire na okoko wasio na magamba, yumo mumi, ambaye ni kambare, na yumo suma, anayetoa umeme hafifu wa kumwongoza katika maji ya tope. Inajulikana kwamba maji baridi hufunika chini ya asilimia 1 ya uso wa dunia ilhali karibu nusu ya aina zote za samaki huishi humo. Takwimu hiyo hurudiwa katika kila warsha, ingawa maana yake huonekana vizuri zaidi katika kijito kimoja cha uwanda wa Kano kuliko katika ramani ya dunia.

Ningu, ambaye kwa jina la kisayansi ni Labeo victorianus na asili yake ni bonde la Ziwa Victoria peke yake, ni samaki mwembamba mwenye kinywa kilichokaa chini ya pua na midomo minene, ambayo huitumia kukwangua mwani na utando laini ulioganda juu ya mawe. Masika yanapoanza na maji ya mto kugeuka rangi ya udongo, ningu hukusanyika mlangoni, majike wakiwa wamejaa mayai, kisha hupanda mto kwa makundi. Wakifika penye mafuriko huuacha mkondo na kuingia katika nyasi zilizofunikwa na maji pembeni, na huko hutaga, kwa sababu maji hayo ya kina kifupi yana joto, yana chakula cha vifaranga na hayana kasi ya kuyasomba mayai. Maji yakianza kupwa, wazazi hurudi ziwani na vifaranga hufuata baadaye. Maisha ya namna hiyo yanahitaji mlango ulio wazi, mafuriko yanayofika kwa wakati wake, na mbuga ambayo mto bado unaruhusiwa kuifurikia.

Wavuvi wa kale wa Nzoia na mito jirani waliujua mwendo huo, na waliwavua samaki kwa uzio wa miti na matete uliotegwa migono katika mianya yake. Uzio ulikaa mahali pamoja, na mafuriko makubwa yakija yaliweza kuupita au kuusomba, hivyo sehemu ya kundi ilipenya. Nyavu za kutega, zilizoingia katika ghuba kuanzia mwaka 1905, zilibadili mambo, kwa kuwa wavu uliokingwa mlangoni humnasa jike kabla hajataga, na huweza kuhamishwa usiku mmoja kulifuata kundi. Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alipendekeza macho ya wavu yasipungue inchi 5, lakini kipimo hicho kilikusudiwa kumlinda ngege, samaki wa jamii ya sato, na kilipoachwa kuanzia miaka ya 1950, wakati nyuzi za nailoni nazo zinaenea, nyavu za macho madogo hazikuwa na kizuizi. Mtafiti P. J. P. Whitehead alieleza uhamaji wa samaki wanaopanda mito mwaka 1959. Mwaka 1965, mtafiti mwingine, D. A. Cadwalladr, alikuwa tayari anaandika juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu na kudhoofika kwa mitego ya asili ya Nzoia. Miaka hiyo sita kati ya maandishi hayo mawili inastahili kuangaliwa kuliko inavyoangaliwa.

Matishio yaliyofuata yalimkuta ningu akiwa tayari amedhoofika. Nyando hubeba mashapo, yaani udongo unaosombwa kutoka mashamba na miteremko iliyokatwa misitu, na mashapo hayo hufunika mawe yenye mwani na kuziba mayai. Uchimbaji wa mchanga, maji machafu ya ukanda wa miwa, na uchafu unaopitia Kisat na Auji mjini Kisumu huongeza mzigo. Virutubishi vikizidi, mwani na gugu maji hushamiri na kuyanyima maji hewa ya oksijeni. Katika Sondu-Miriu, kituo cha umeme cha megawati 60 huyachepusha maji kwa handaki, na sehemu ya mto iliyorukwa hubaki na mkondo uliopungua. Tathmini ya shirika la uhifadhi la IUCN ya mwaka 2018 iliona kwamba asilimia 76 ya aina za viumbe wa maji baridi wasiopatikana nje ya bonde la Ziwa Victoria wamo hatarini kutoweka.

Kinamasi cha Yala kinaonyesha upande mwingine. Ziwa dogo la Kanyaboli, lililozungukwa na mafunjo, bado lina ngege wa asili aliyepotea katika ghuba, pamoja na aina kadhaa za fulu. Mafunjo yenyewe ni sehemu ya maelezo: chini yake oksijeni ni haba, na mbuta huihitaji kwa wingi, ilhali samaki wengi wadogo huvumilia upungufu huo, na kamongo huvuta hewa juu ya maji. Kulikausha eneo la mafunjo kwa ajili ya kilimo, kama ilivyofanyika kwa awamu tangu miaka ya 1960, ni kuuondoa ukuta huo unaomzuia mbuta.

Sheria zipo, lakini zimepimwa kwa kipimo kisichomfaa samaki mhamaji. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya mto katika ukanda wa mita 6 hadi 30, wakati mazalia ya ningu hufuata upana wa mafuriko, ambao katika nyanda za Kano na Budalang'i huenda mbali zaidi ya hapo. Hakuna mwenye haki ya kuwataka wakazi wa Budalang'i wabomoe matuta yanayowakinga na mafuriko; hata hivyo, penye malisho yasiyo na makazi, milango ya kufungua na kufunga katika matuta inawezekana. Vivyo hivyo, kufunga uvuvi wa omena, yaani dagaa, kuanzia Aprili hadi Julai kumezoeleka, lakini ningu hafuati kalenda, hufuata maji. Aidha, vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vimeundwa kwa kufuata fukwe za kupakulia samaki, na mlango wa mto mara nyingi huangukia kati ya viwili.

Kituo cha Kegati, Kisii, cha taasisi ya utafiti wa uvuvi ya KMFRI kimefanya kazi ya kumzalisha ningu kwa ufugaji, jambo la kutia moyo, ila vifaranga watakaoachiwa mtoni watarejea mlangoni wakiwa wazazi na kukuta nyavu zilezile. Inapendekezwa basi kwamba upandikizaji wowote uanzie kwenye mto mmoja tu, ule ambao BMU za pande zote mbili za mlango wake zitakuwa zimekubaliana kwa maandishi kutokinga nyavu tangu siku maji yanapogeuka rangi hadi mbuga zinapokauka, huku malipo ya walinzi wa mlango yakiwa yametengwa kabla kifaranga wa kwanza hajatoka bwawani.