Folda Ikikataa Kufunguka, Tuulize Kwanza

Mazungumzo na makarani na waweka hazina wa vikundi, Ndabibi



Tumeombwa tuzungumze juu ya folda ya pamoja, yaani ile iliyo ndani ya kompyuta moja lakini inafunguliwa na kompyuta zingine za ofisi. Tuanze na kosa letu wenyewe.

Wiki ya kufungua shule tulihitaji orodha ya watoto wa basari. Orodha iko kwenye kompyuta kubwa. Kompyuta ya pili ikakataa katakata: jina au paswadi si sahihi. Wazazi wako nje wanangoja. Tukaanza kunong'onezana kwamba karani ametufungia makusudi, kwa sababu ndiye aliyebadilisha paswadi. Mmoja wetu akasema, "Si tuondoe paswadi kabisa, kila mtu aingie?"

Kumbe karani alifanya vizuri. Kijana aliyekuwa akijitolea kwetu alikuwa amemaliza muda wake, naye akaibadilisha. Ile kompyuta ya pili ndiyo ilikuwa bado inatuma paswadi ya zamani iliyoiweka akiba. Mama yule tulimwomba msamaha, lakini neno likishatoka halirudi.

Basi, kabla ya kulaumu mtu au kuvunja kufuli, tusikilize kwanza kompyuta inasema nini. Ni kama kubisha hodi kwenye boma la watu. Majibu ni matatu.

Jibu la kwanza: hakuna anayeitika. Kompyuta yenye folda haionekani kabisa. Hapo paswadi haina makosa. Angalieni kama imewashwa na haijalala, na kama kompyuta zote ziko kwenye waifai moja. Olkaria ni majirani zetu na wanatoa stima kwa mvuke tangu 1981, lakini hata hapa kwetu stima hupotea. Ikirudi, kompyuta moja hushika waifai ya ofisi, nyingine inashika simu ya mtu. Tena angalieni kama Windows imeuhesabu mtandao wenu kuwa wa umma. Ukiwa wa umma, folda hufichwa. Wa ofisi uwekwe kuwa wa binafsi.

Jibu la pili: wewe ni nani? Sikujui. Jina na paswadi zinazotakiwa ni za kompyuta yenye folda, si za hiyo uliyoikalia. Wengi huandika PIN. Ile namba hufungua mashine moja tu, haisafiri kwenye mtandao. Akaunti isiyo na paswadi nayo hukataliwa ikibisha kutoka mbali. Andikeni jina la kompyuta, mkwaju unaolalia nyuma, halafu jina la akaunti, hivi: OFISI\karani. Kama paswadi ilibadilishwa, fungueni Credential Manager, mfute ya zamani, muandike mpya. Wala msibahatishe ovyo: kwenye Windows 11 za sasa, kukosea mara 10 kunaweza kufunga akaunti kwa dakika 10.

Jibu la tatu: nakujua, lakini huna ruhusa. Hapa kuna milango miwili: ruhusa ya kuifikia folda kupitia mtandao, na ruhusa ya mafaili yenyewe. Mlango ulio mkali zaidi ndio unaoshinda. Mwombeni msimamizi aangalie yote miwili.

Mtasema, kwa nini tusiache wazi tu? Mwezi wa Mei 2017 virusi vya WannaCry viliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150. Vilipitia SMB, njia hiyo hiyo ambayo Windows hutumia kufungua folda za pamoja. Hospitali za Uingereza ziliahirisha hata upasuaji. Fundi akiwaambia mrudishe SMB1 ya zamani ili mambo yaende haraka, kataeni.

Na hapa Kenya tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inatutaka tulinde habari za watu, na za watoto zaidi. Orodha ya basari inasema nani ni yatima na nani mzazi wake ni mgonjwa. Hiyo ni siri ya jirani yako.

Kwa hivyo kila mtu awe na akaunti yake. Mtu akiondoka, yake ifungwe siku hiyo hiyo, na wengine waendelee na zao bila kusumbuka. Paswadi ikibadilishwa, wahusika waambiwe. Sisi tulitumia moja sote, na hatukuambiana. Hayo ndiyo yaliyotuponza, si karani.

Sasa, kompyuta mbili ziko hapo mezani. Tumeziharibia mipango makusudi. Njooni wawili wawili, mbishe hodi, mtuambie mmepewa jibu gani kati ya yale matatu.