Vishikwambi vya Walimu Viwafikie Watoto wa Darasa la Kwanza

Msikilizaji, leo nataka tuzungumzie magemu. Najua mzazi wa Lizaboni au Mfaranyaki hapa Songea akisikia neno hilo anamwona mwanawe ameinamia simu, bando linakwisha na daftari halijafunguliwa. Hofu hiyo ina msingi. Lakini yapo magemu yaliyotengenezwa mahsusi kumfundisha mtoto kusoma Kiswahili, na jaribio lake kubwa limefanyika humu humu nchini.

Desemba 2017, shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa watoto karibu 3,000. Serikali yetu ilishiriki, pamoja na UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vikawekwa vituo vya kuchaji kwa sola, vishikwambi vikatiwa programu za timu tano zilizofika fainali, na watoto wakaachiwa wajifunze bila mwalimu. Wengi wao hawakuwahi kusoma shule. Zaidi ya 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno ilipungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10.

Mimi matokeo hayo yananipa moyo, na pia yananifikirisha. Mtoto asiye na mwalimu kufika mahali pa kusoma neno ni hatua kubwa. Lakini ipo ile nusu nyingine, ambayo miezi 15 ya kifaa mkononi haikuitosha.

Tuangalie gemu linavyofanya kazi. Sauti inatamka "ba". Kwenye kioo zinashuka silabi: da, ba, pa, mba. Mtoto anagusa moja. Akipatia, anasikia shangwe na kusonga mbele. Akikosea, anaonyeshwa iliyo sahihi papo hapo, kisha "ba" inarudi tena baada ya muda mfupi, na tena, hadi aishike. Gemu halifoki, halichoki, wala hakuna mwenzake wa kumcheka. Kwa Kiswahili njia hii inafaa sana, kwa kuwa maneno yetu husomeka vile vile yanavyoandikwa. Mtoto akishazimudu irabu na silabi za mwanzo, kisha akapambana na "ng'" na "mbw", mlango wa kusoma umefunguka.

Sasa fikiria mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto wengi kuliko madawati. Mtaala wa KKK wa mwaka 2015 ulitaka mwalimu kama huyo ahakikishe kila mmoja anasoma, anaandika na anahesabu. Atamsikiliza nani mmoja mmoja akitamka "ba"? Hapo ndipo gemu linapoweza kumsaidia.

Lakini gemu haliwezi kumweleza mtoto maana ya alichosoma. Mtoto wa kijijini kwetu anaweza kuingia darasani na Kingoni, Kindendeule au Kimatengo, Kiswahili kikiwa bado kigeni kinywani mwake. Ataigusa silabi sahihi, ataunganisha neno, na bado asijue linasema nini. Hilo linahitaji mtu wa kuzungumza naye, kumsimulia hadithi, kumshikisha kitabu. Mkoa wetu wa Ruvuma ulikuwa ndani ya mradi wa Tusome Pamoja, uliojihusisha na ufundishaji wa kusoma katika madarasa ya awali ya shule. Wanaojua jinsi ya kumsomesha mtoto tunao.

Na vifaa, msikilizaji, tunavyo pia. Baada ya Sensa ya mwaka 2022 Serikali iliwagawia walimu vishikwambi. Programu zilizoshindanishwa Tanga ziliachwa wazi, yeyote azitumie bila kulipa. Sidai kila mtoto apate chake kama kule Tanga. Nasema hivi: watoto wanne watano waliobaki nyuma wabaki na mwalimu dakika 20 baada ya vipindi, wapokezane kishikwambi kimoja, kisha kizimwe na kitabu kifunguliwe. Programu iwekwe humo mapema mjini, ili kijijini isitegemee mtandao. Na mwalimu huyo afikiriwe kwa muda anaouongeza, maana naye ana shamba la mahindi na watoto wa kwake.

Kwenu maofisa elimu wa Songea na walimu wakuu: jaribuni katika shule chache muhula ujao, wapimeni watoto mwanzoni na mwishoni, kisha mtutangazie matokeo hata kama si mazuri. Nawe mzazi, kikao cha shule kikiitishwa, nenda, unyooshe mkono uulize: watoto wangapi wa darasa la kwanza bado hawajui silabi, na kishikwambi cha mwalimu wao kinafanya kazi gani?